Ijumaa Tuliyomuaga Mwanaidi Mchangani

Kitambulisho nimerudisha, kofia nimebaki nayo. Waliitaka na kofia, nikawaambia hiyo imeshaota kichwani, waje na daktari. Basi ndiyo hivyo, nimestaafu kuongoza wageni hapa Doha, na kabla sijafunga mizigo kurudi Tanga, nyinyi vijana wa ofisini mmenishika niwaandikie mawili matatu. Vyeo sitavitaja, wala nani alipandishwa kabla ya nani. Hayo yana wenyewe, na wenyewe wanapenda kuyasimulia. Mimi nitawapeleka kusini, Wakra na kwenye vilima vya mchanga, na nitawaeleza habari za safari ya Kiswahili ya Ijumaa. Nyinyi mmeikuta ipo, mkadhani ilikuwapo tangu enzi. Ilikaribia kufa kabla haijazaliwa, na kilichoiponya ni kumuaga mpishi mmoja aitwaye Mwanaidi. Nitamfikia, msiniharakishe.

Sikuanza na jangwa. Nilianza mapokezi, kwenye hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd hapa mjini, sare ya buluu na viatu vya kubana vidole. Wiki ya kwanza wakaja mume na mke, watu wazima, kofia za jua vichwani, wakaniuliza kusini kuna nini cha kutazama. Kusini! Mimi kusini niliyoijua ni Lindi na Mtwara. Nikatabasamu kama nilivyofundishwa, nikawaelekeza kwenye duka kubwa lenye kiwanja cha kuteleza barafuni. Mama wa watu akauliza, huko ndiko kusini? Nikamjibu, ni kusini kidogo.

Karibu na mlango alikaa dereva wa kampuni ya utalii akisubiri abiria wake. Alicheka mpaka akashika tumbo. Mpemba, mfupi, kikofia cha mkono kichwani, jina lake Kombo. Wageni wangu walipotoka akaja mpaka mezani.

"Bibie, hivi wewe unakaa Doha au unakaa Al Sadd?"

"Nakaa kazini, kaka. Wewe je, huna kazi?"

"Ninayo, na ndiyo nataka kukuonesha. Siku yako ya mapumziko jitayarishe, mimi na mke wangu tutakupitia. Ukirudi hapa hutamtuma tena mtu mzima akavunje nyonga kwenye barafu."

Hasira zilinipanda, lakini nilijitayarisha.

Kituo cha kwanza kilikuwa Wakra. Mnaijua, mji wa zamani wa wavuvi na wapiga mbizi wa lulu, soko lake limekarabatiwa, ufukweni watu wanakunywa chai ya karaki na kupiga picha. Kombo hakutusimamisha ufukweni. Alitupitisha vichochoro vyenye kivuli mpaka kwenye nyumba moja ya zamani yenye mlango wa kuinama. Ndani nikaanza kusifia ukuta, maana sikujua kingine cha kusifia.

"Achana na ukuta," akasema. "Ukuta kila mtu anauona. Angalia juu."

Nikaangalia juu. Boriti! Boriti za mikoko, zimepangwa vilevile, nyeusi vilevile, kama dari ya nyumba ya bibi yangu Pangani. Kombo akaeleza kwamba nchi hii haikuwa na miti ya kujengea, na boriti nyingi za zamani zilitoka pwani yetu, Rufiji na Lamu, zikavushwa bahari. Ndiyo maana vyumba vya kale huku ni vyembamba kama vya kwetu, kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti, hauzidi. Nilisimama pale shingo imeinuka mpaka ikauma. Mimi nimepanda ndege nikajiita mgeni, kumbe dari imeshanitangulia! Nilifurahi hata nikaona haya.

"Na watu nao walikuja," Kombo akaongeza, sauti ameishusha. "Wengine walikuja kama hizo boriti, hawakuulizwa. Hilo nalo ulijue. Siku ukimweleza mgeni, usilipite mbio."

Sikulipita mbio hata siku moja. Na nyinyi msilipite.

Baada ya mji wa Mesaieed lami inaisha, na hapo ndipo nilipofundishwa kwamba gari nalo linavua viatu. Kombo alishuka akapunguza upepo kwenye matairi yote, anapima, anasikiliza, anapima tena. Tairi gumu linachimba kaburi, tairi laini linapita juu. Akanifundisha kwamba ukianza kupanda kilima husimami katikati ukafikiri. Fikira zako zimalize chini. Akanionesha uwanda wa chumvi unaong'aa kama sakafu iliyopigwa deki, akaniambia huo ndio mnafiki mkubwa wa jangwa hili, juu mkavu, chini uji. Kisha akatupeleka kwenye kilima kiimbacho. Mkewe, Bi Asha, akakaa juu ya mchanga, akateleza, na kilima kikanguruma. Nilipiga kelele. Bi Asha aliniambia hata yeye mara ya kwanza alimtukana mumewe, akidhani amemtegea kitu.

Tangu siku ile hoteli ilinikinaisha, nikahamia kampuni ya Kombo kuwa mwongozaji. Mambo ya kusoma, mtihani na leseni nayaruka, mtayakuta wenyewe na mtalia wenyewe. Niseme vifaa tu, kwa sababu ofisi itawapa visivyofaa. Kipima upepo chako mwenyewe, usiazime cha dereva. Sepetu iwe nyuma ya gari, siyo juu ya gari ambako mwenye mgongo mbovu hafiki. Tangawizi kavu kwa wanaotapika vilimani. Wanaojisifu kwamba hawatapiki wape mapema. Na khanga mbili. Khanga inafunika, inafuta, inafunga jeraha, inakuwa pazia mtu akibanwa na haja, na mimi katika miaka yote ya kazi sijaona begi la kampuni linaloweza yote hayo.

Wageni wagumu mtawapata. Mimi nilimpata bwana mmoja aliyetaka jangwa lisilo na mtu. Tukimpeleka kushoto anaona gari, kulia anaona ngamia mwenye tandiko, mbele anaona familia inachoma nyama. Alinuna njia nzima mpaka Adaidi, pale bahari inapoingia katikati ya mchanga. Alishuka mwenyewe, akatembea mbali, akapata upweke wake, akatulia. Maji yakaanza kujaa. Kombo akapiga honi, bwana haji. Ikabidi nimfuate mbio, nimwambie kwamba njia ya kurudi bahari inaidai na haitamsubiri amalize upweke. Alirudi anakimbia kuliko mimi. Mgeni usimbishie, mwache nchi imjibu.

Sasa Mwanaidi. Nilikuwa nimehamia Abu Hamour, na yeye alikuwa mpishi katika nyumba kubwa mtaa wa pili. Mtu wa Muheza, mpole, mwenye cheko la ghafla. Tulikuwa tunakutana sokoni akija na dereva wa nyumbani kuchagua samaki. Siku moja, mkono uko ndani ya ndoo ya barafu, akaniuliza:

"Shoga, hivi hao wageni wako unawapeleka wapi kila siku?"

Nikamweleza. Wakra, boriti, mchanga unaoimba, bahari iliyoingia jangwani. Akanitazama kama mtu anayesimuliwa ndoto.

"Huku huku?"

"Huku huku, mwendo wa saa moja na kidogo."

"Basi Rukia, mimi narudi nyumbani moja kwa moja mwisho wa mwezi huu. Miaka yote hii Katari niijuayo ni jiko, kiti cha nyuma cha gari, na soko hili. Mjukuu wangu ataniuliza Katari ikoje. Nitamwambia nini? Ina vigae vyeupe?"

Akacheka, kisha cheko likamkatikia. Usiku ule nikawaza. Siyo yeye peke yake. Walinzi wanaolala kwenye makambi ya Industrial Area, madereva, wafanyakazi wa ndani, wauguzi, watu wetu walioishika nchi hii kwa mikono, hawaijui kwa macho. Na mimi kazi yangu ni kuonesha! Ninaonesha kila mtu isipokuwa wangu.

Kesho yake nikaingia kwa meneja wetu. Nitamwita Bwana Nadimu. Mtu mwema, mwangalifu, anayependa kitu kiwe kimeshafanywa na mwingine kwanza. Nikamwambia nataka safari ya Kiswahili, Ijumaa, kusini. Akavua miwani.

"Rukia, watu wako Ijumaa wanalala."

"Wanalala kwa sababu hakuna aliyewaamsha."

Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho akanipa Ijumaa moja tu, ile ya mwisho wa mwezi. Basi lijae, watu warudi wamefurahi, na yeye atakuwamo ajionee. Likienda nusu tupu, nisimletee tena habari hiyo maisha. Nikatoka nimeshika kichwa, maana Mwanaidi anaondoka Jumapili inayoifuata. Ni Ijumaa ile au basi tena.

Nikatangaza. Nilisambaza ujumbe kwenye kila kundi la simu, picha nzuri za vilima, maneno matamu: njooni tutembee, njooni tuone. Majibu? Inshallah. Inshallah dada. Mungu akipenda. Tuko pamoja. Mnajua inshallah ya watu wetu wasiotaka kukuvunja moyo, ni hapana iliyovaa kanzu. Nekesa, muuguzi Mkenya niliyepanga naye nyumba moja, yeye hakujisumbua na kanzu.

"Rukia, si uwe serious. Niko na off moja kwa wiki, niamke mapema niende kuangalia mchanga? Mchanga si hata huko kwetu Turkana uko?"

"Umeshafika Turkana?"

"Aa-aa. Lakini uko."

Zikabaki siku chache, na kwenye basi zima nina watu ambao wangeenea kwenye teksi. Nikamwendea Kombo, nimejaa. Nikawasema watu wetu vibaya: hawajui raha, hawajui thamani, wamezoea shida. Kombo alikuwa anafuta vioo. Hakuacha kufuta.

"Wewe unawauzia nini?"

"Matembezi!"

"Ndiyo kosa. Watu wetu hawaendi matembezini, Rukia. Matembezi ni ya asiye na kazi. Watu wetu wanakwenda shughulini. Mtu anaoa, wanakwenda. Mtu amefiwa, wanakwenda. Mtu anasafiri, wanakwenda kumuaga, hata wasiomjua, wakapike na wabebe vyombo. Hujawaambia wanamwendea nani."

Mimi niliyezaliwa Tanga, niliyekuzwa ndani ya shughuli, nilikuwa nimeandika tangazo kama mzungu! Jioni ileile nikafuta picha zote za vilima. Nikaandika maneno machache: Ijumaa tunamuaga mwenzetu Mwanaidi wa Muheza, anarudi nyumbani moja kwa moja. Shughuli iko kusini, mchangani. Basi lipo.

Jamani! Simu ilipata joto. Watu wakaanza kuuliza nani anapika pilau, nani analeta kachumbari, na swali lililonithibitishia kwamba mambo yamekubali: sare ni khanga ipi? Walinzi wa Industrial Area wakabadilishana zamu. Madereva wenzake Kombo wakasema watakuja na magari yao ya mchangani kumsindikiza bibi harusi. Nikawaambia siyo harusi. Wakasema haidhuru. Nekesa akatoka chumbani amekunja uso.

"Mbona hukuniambia ni ya kumuaga mtu? Mimi nakuja. Na chapati naleta."

"Unamjua Mwanaidi?"

"Simjui. Lakini anaenda, si ndio?"

Basi limejaa, na anayeagwa hana ruhusa. Ijumaa mchana ndiyo siku kubwa ya chakula katika nyumba za huku. Watoto, wakwe na wajukuu wote wanarudi kwa bibi baada ya swala, na katika nyumba ile sahani ile kubwa ya wali na nyama ilikuwa mkono wa Mwanaidi. Ijumaa hajawahi kutoka. Mwenyewe alishaanza kuniambia, "Shoga, niageni tu bila mimi." Nikamwambia nyamaza, kesho nakuja kwa mama yako.

Mama mwenye nyumba tulimwita Ummu Nura. Nilikwenda na halua nzuri, nikavaa baibui langu la heshima, nikakaa nilipooneshwa. Vijana, jambo halisemwi kabla ya gahwa, kahawa yao. Nikanywa kikombe cha kwanza tukasalimiana, cha pili tukaulizana afya za watu hata tusiowajua, cha tatu nikakitikisa kuonesha nimetosheka, ndipo nikasema lililonileta. Mwanaidi alikuwa amesimama kando ameshika birika, macho chini.

"Ijumaa?" Ummu Nura akashtuka. "Ijumaa haiwezekani, dada yangu. Ni Ijumaa yake ya mwisho, wajukuu wangu wote wanakuja kula wali wake. Mpeleke siku nyingine."

"Siku nyingine hana, mama. Na hajawahi kuona Adaidi, wala mchanga unaoimba."

Ummu Nura akamgeukia. "Mwanaidi, kweli? Miaka yote hii hujafika hata vilimani? Kwa nini hujaenda?"

Mwanaidi akajibu taratibu, bila ubaya wowote, kama anavyojibu akiulizwa chumvi iko wapi.

"Ningekwenda lini, mama? Ijumaa nani angepika?"

Ummu Nura akakiangalia kikombe chake. Alipoinua uso macho yalikuwa yamebadilika. Akaanza kusimulia jinsi baba yake alivyokuwa akiwapeleka mchangani walipokuwa wadogo, walivyoteleza mpaka nguo zikatoboka. Kisha akapiga goti lake kwa kiganja.

"Ijumaa hii tutakula mkate na jibini, hatutakufa. Lakini kabla ya magharibi awe hapa mlangoni. Na sisi tuna haki ya kumuaga."

Nilitoka pale nataka kupiga vigelegele barabarani. Nilijizuia mpaka kona.

Ijumaa ikafika. Bwana Nadimu alikuja na suti, akakuta masufuria yamewahi viti vya nyuma na akina mama wamevaa khanga moja, kijani na nyekundu, wanabishana nani akae na bibi harusi. Viti vyote vilijaa. Akapita katikati ya basi akihesabu kwa kidole, akahesabu tena kurudi, akakaa karibu na pilau. Mwanaidi walimweka mbele. Njia nzima alikuwa ameshikilia kioo kwa kiganja.

Wakra niliongea Kiswahili kwa sauti yangu kamili, kwa mara ya kwanza kazini. Ee bwana, mcheza kwao hutunzwa! Niliwaingiza ndani ya ile nyumba kwa mafungu, nikawaambia wasiangalie ukuta. Mlinzi mmoja, kijana wa Rufiji aliyejaa misuli, aliinua uso akasema, "Hizi nimezikata na babu yangu!" Nikasema hizi zilikatwa kabla ya babu yako, lakini msitu ni huohuo. Nikawaeleza na habari za watu ambao hawakuulizwa. Hakuna aliyepiga picha wakati ule. Mwanaidi aliinua mikono, akasoma Fatiha kwa sauti ndogo, na wengine wakaitikia amina. Wanaume wakaenda kuswali Ijumaa msikitini pale, Nekesa na wenzake wa kanisani wakalinda masufuria, tukaendelea kusini.

Sasa sikilizeni balaa. Siku iliyotangulia kilinyesha kimvua, kile cha huku cha kusalimia tu. Na mchanga wenye unyevu hauimbi. Tulifika, magari ya Kombo na wenzake yakatupeleka toka ukingo wa lami mpaka kilimani, tukapanda, tukateleza. Kimya. Tukarudia. Kimya kabisa, kama tunateleza juu ya godoro. Watu wakaanza kutazamana. Nekesa akasema yake: "Sasa hii ni mchanga tu."

Bwana Nadimu akatazama jua, akaja pembeni yangu. "Rukia, kilima leo kimekufa. Tuwape chakula, turudi. Umejaza basi, lakini watakwenda kusema waliletwa kuona mchanga. Na yule mama ana ahadi ya magharibi."

Nilimtazama Mwanaidi. Alikuwa amekaa chini, anachota mchanga anaumwaga, anautazama. Hakulalamika. Ndicho kilichonikata maini, kwamba hakulalamika, alishazoea kukosa. Nikahisi hasira nzuri, ile ya kazi.

"Bado," nikamwambia meneja.

"Rukia..."

"Bosi, mimi ndiye mwongozaji. Bado."

Kombo alikuwa ameweka kiganja juu ya mchanga upande wa jua. Akaniambia ngozi ya juu inakauka, na upepo ukisimama vizuri tutapata kipande. Basi nikasema pilau ipakuliwe. Tulikula kwa raha zetu, chapati za Nekesa zikagombewa, akina mama wakaimba nyimbo za kumuaga mtu, Bwana Nadimu akavua koti la suti, akala kwa mkono. Nikawa kila baada ya tonge napanda kugusa mchanga. Alasiri upepo ukaja kweli, ule mkavu wa kaskazini. Mchanga wa juu ukaanza kutembea wenyewe, chembe juu ya chembe. Nikashuka mbio.

"Wote juu! Viatu vueni!"

Wageni wangu wa kila siku wanateleza mmojammoja, mwenzao anapiga picha. Nilikusudia na hawa waende hivyohivyo, Mwanaidi kwanza. Wapi! Shughulini nani anakubali kubaki nyuma? Walipanga mstari mmoja kileleni, bega kwa bega, khanga zimefungwa madhubuti, walinzi upande huu, wauguzi upande ule, Mwanaidi katikati. Nekesa akahesabu kwa nguvu. Wakashuka wote kwa pamoja.

Kwanza kikasikika kitu kwa mbali, kama mashine ya kusaga mahindi ya mtaa wa pili. Kisha kikaja chini yetu, kikapanda miguuni, kikaingia kifuani. Kilima chote kiliunguruma! Miaka mingi nimeleta watu pale, sauti kama ile sikuwahi kuisikia, kwa sababu sikuwahi kuwa na watu wasiokubali kuachana. Walipofika chini kiliendelea kuvuma peke yake. Akina mama walikuwa wanapiga kelele, mlinzi wa Rufiji anataja Mungu, Bwana Nadimu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kombo alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Mwanaidi alikaa vilevile alivyofika, miguu ameinyoosha, kiganja juu ya mchanga. Nikamkimbilia.

"Umeumia?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa analia waziwazi, uso wote umechangamka.

"Nchi hii nimeitumikia miaka yote, Rukia," akasema. "Leo ndiyo imeniitikia."

Nikaanguka pale pembeni yake, nikalia naye, na sioni haya kuwaandikia. Kisha akanyanyuka, akajikung'uta, akasema, "Tena!" Tukarudia mpaka Kombo alipopiga honi.

Tulifika Abu Hamour jua bado lipo. Ummu Nura alikuwa amesimama langoni mwenyewe, wajukuu wamemzunguka. Mwanaidi alishuka na mchanga kwenye nywele, kwenye mikono, kila mahali. Kabla hajaulizwa lolote akamshika bibi yule mkono, akamwambia kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Njoo ukae, mama, nikuhadithie." Wakaingia ndani wamefuatana, na basi zima likampigia vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Gari lilipoondoka Bwana Nadimu alikuja kukaa karibu nami, mchanga umejaa kwenye kola. Akatoa simu yake, akaniuliza kwa Kiingereza, bila kunitazama, ni nani anayeondoka Ijumaa ijayo. Nikasimama nikawauliza watu kwa Kiswahili.

"Mimi!" Nekesa akanyoosha mkono nyuma kule.

"Wewe? Unaondoka lini?"

"Mimi siendi mahali. Lakini mniage!"

Basi likalipuka. Huku na huku mikono ikapanda, na mimi niageni, na mimi, mimi kabla yake. Bwana Nadimu akanivuta mkono. Wanasema nini?

"Yule muuguzi haondoki," nikamtafsiria. "Lakini anataka kuagwa."

"Sielewi."

"Huna haja ya kuelewa, bosi. Andika Ijumaa ijayo."

Akaandika.